Darasa la 1995 huko Michigan: hesabu ya siku ya kusaini na hesabu ya miaka iliyofuata

Kwa miaka mingi, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili ilikuwa siku kubwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Siku hiyo vijana wa miaka 17 ao 18, walio karibu kumaliza sekondari, walisaini karatasi ya kukubali kuchezea chuo fulani, na chuo nacho kikawapa bursa ya masomo. Mchezo wenyewe si mpira wa miguu unaojulikana Goma, Bukavu ao Uvira. Ni mpira wa Kimarekani: mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mkononi, watu 11 kila upande, na kugongana kwingi. Vijana wanaosaini pamoja mwaka mmoja wanaitwa darasa. Jioni ya siku hiyo hiyo, waandishi wa michezo walikuwa wamekwisha kutangaza darasa la chuo gani ni la kwanza nchini, la chuo gani ni la kumi, na la chuo gani halina kitu. Wakati huo hakuna hata kijana mmoja kati yao aliyekuwa amevaa jezi ya chuo.

Mambo haya yako mbali na Kongo, lakini si mbali sana kama zamani. Familia nyingi zilizokimbia vita mashariki mwa nchi zilipitia kambi kama Nyarugusu huko Tanzania ao Nakivale huko Uganda, na leo ziko Grand Rapids katika jimbo la Michigan, ao Texas, ao Kentucky. Watoto wao wanasoma katika shule ambako mchezo huu ndio unaojaza viwanja. Mzazi aliyebaki nyuma anapigiwa simu, anaambiwa kijana ameonekana na makocha, ao hakuonekana, na ni rahisi kuchukua habari hiyo kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Hukumu za namna hiyo zimebadilika mara nyingi, na mahali pazuri pa kuliangalia jambo hilo ni chuo kikuu cha Michigan kati ya mwaka 1993 na 2002. Tena ndani ya habari hiyo kuna mtoto wa Kinshasa.

Chuo hicho kiko katika mji wa Ann Arbor, si mbali na Detroit. Uwanja wake unabeba watu zaidi ya 100,000. Stade des Martyrs ya Kinshasa inabeba wapatao 80,000. Kuchezea Michigan ni heshima, na kila mwaka chuo hutafuta vijana nchi nzima. Lakini sheria inabana. Wakati huo timu nzima iliruhusiwa bursa 85 tu, na wapya wasizidi 25 kwa mwaka. Kosa moja katika kuchagua linakaa na timu miaka minne ao mitano, na hapo ndipo hofu ya makocha inapoanzia.

Munamo mwaka 1993 walifika Ann Arbor vijana wawili wasiokuwa na kelele nyingi nyuma yao. Wa kwanza ni Brian Griese. Baba yake, Bob Griese, alikuwa mchezaji mkubwa wa Miami Dolphins, lakini mtoto alikuja Michigan bila bursa: alikubaliwa ajaribu tu. Wa pili ni Tshimanga Biakabutuka. Alizaliwa Kinshasa tarehe 24 mwezi wa kwanza 1974, akapelekwa Kanada na familia yake akiwa bado mdogo, akakulia Longueuil, mji wa Kifaransa unaopakana na Montréal. Huko mchezo unaopendwa ni wa magongo kwenye barafu. Makocha wa Marekani hawakuwa na desturi ya kupita upande huo kutafuta wachezaji. Biakabutuka alicheza katika chuo cha Vanier huko Montréal, kisha akavuka mpaka. Waamerika walishindwa kutamka jina lake la kwanza, wakamwita Tim.

Kwa misimu miwili aliishi katika kivuli cha Tyrone Wheatley, mkimbiaji aliyekuwa na jina kubwa. Wheatley alipoondoka kwenda ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 1995, nafasi ikafunguka.

Mwaka huo huo 1995, mwezi wa pili, likasaini darasa ambalo leo linatajwa kila mahali. Ndani yake alikuwa Charles Woodson kutoka Fremont, jimbo la Ohio. Huyu alijulikana tayari: alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa sekondari katika Ohio nzima, na kumtoa Ohio kumpeleka Michigan, mahasimu wakubwa, kulikuwa ushindi kabla ya mechi yoyote. Ndani yake pia alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kutoka San Mateo katika California, jina lake Tom Brady. Nafasi yake ilikuwa ya mgawaji, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua autupe kwa nani. Kijana huyo alikuwa mzuri pia katika mchezo wa besiboli, hata timu ya Montreal Expos ilimchagua mwaka huo huo, katika duru ya 18. Duru ya 18 si mahali pa watu wanaogombaniwa.

Kabla darasa hilo halijafika chuoni, waliolialika wakaanza kutoweka. Kocha msaidizi aliyemfuata Brady hadi California aliondoka akaenda kufundisha chuo kingine. Mwezi wa tano, kocha mkuu Gary Moeller aliacha kazi kufuatia vurugu katika mkahawa mmoja. Kazi ikapewa Lloyd Carr, msaidizi wake, kwa muda tu, wakati chuo kinaangalia nani awe kocha wa kudumu. Basi vijana waliosaini mwezi wa pili walifika wakakuta mtu mwingine kitini. Katika magazeti ya siku ya kusaini hakuna safu ya kuandika jambo kama hilo. Yanaandika urefu, uzito, na sekunde ambazo kijana anatumia kukimbia yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Nani atakuwa bado ofisini kumpokea kijana, hilo halipimwi.

Brady alipofika alijikuta mgawaji wa saba katika foleni. Wa saba. Msimu wake wa kwanza hakucheza hata dakika moja.

Woodson yeye aliingia mara moja. Katika sekondari alijulikana sana kwa kukimbia na mpira. Michigan ikamweka katika ulinzi, kwenye pembe, azuie wapokeaji wa wapinzani. Mwisho wa msimu alihesabiwa mchezaji mpya bora wa ligi yao. Kwa hiyo kama mtu angefunga hesabu ya darasa la 1995 mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, angeandika: mmoja amefaulu kabisa, na yule wa California ni namba tu.

Lakini siku ya kukumbukwa mwaka ule haikuwa ya darasa jipya. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1995, Ohio State walikuja Ann Arbor. Walikuwa wa pili nchini, hawajafungwa mechi hata moja, na mkimbiaji wao Eddie George alikuwa njiani kupata tuzo la Heisman, linalopewa mchezaji bora wa vyuo vyote. Siku hiyo mtoto wa Kinshasa alipewa mpira mara 37 na akakimbia yadi 313, karibu mita 286, katikati ya watu waliopewa kazi moja ya kumwangusha. Eddie George alipata yadi 104. Michigan ilishinda 31 kwa 23. Woodson, mwenye mwaka mmoja tu chuoni, alinyang'anya mpira mara mbili hewani. Carr alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kudumu siku chache mbele ya mechi hiyo.

Biakabutuka alimaliza msimu na yadi 1,818. Mwezi wa nne 1996, katika siku ambapo timu za NFL huchagua vijana kwa zamu, Carolina Panthers walimchukua katika nafasi ya nane. Eddie George, mwenye Heisman yake, alisubiri hadi nafasi ya 14. Kijana ambaye miaka mitatu nyuma hakuhesabiwa sana, sasa alikuwa mbele ya mchezaji bora wa nchi.

Hesabu haikukaa hapo. Katika mechi ya nne tu ya msimu wake wa kwanza, goti la Biakabutuka likavunjika mishipa. Alirudi, akaumia tena, akarudi tena, na mwaka 2001 mguu ukamtoa kabisa katika mchezo. Miaka sita, yadi 2,530. Eddie George alipita yadi 10,000 katika ligi ile ile. Leo watu wa Carolina wanamweka Biakabutuka katika orodha ya waliochaguliwa vibaya, na watu wa Michigan wanamweka karibu na watakatifu. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu kila upande unapima kwa kijiko chake. Chuo kilitaka miaka mitatu ya mtu, kikaipata. Timu ya kulipwa ilinunua miaka kumi, ikapata goti bovu.

Wakongo wanajua kipimo cha namna hiyo. Mwezi wa tatu mwaka 1974, wiki chache kisha kuzaliwa kwa Biakabutuka, Leopards za Zaïre zilichukua Kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa katika mashindano hayo, hesabu ambayo haijafikiwa. Miezi mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani, timu hiyo ilifungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia. Ulaya wanaikumbuka timu ile kwa mechi moja. Hilo si haki, lakini ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi: inashika jambo moja na kuacha mengine yaanguke.

Tukirudi Ann Arbor, miaka iliyofuata ilikuwa ya manung'uniko. Mwaka 1993 Michigan ilipoteza mechi nne. Mwaka 1994, nne. Mwaka 1995, hata na ule ushindi juu ya Ohio State, nne. Mwaka 1996, nne tena. Madarasa yalikuwa yanasifiwa kila mwezi wa pili, na kila mwisho wa mwaka hesabu ilikuwa ile ile. Mwaka 1996 Brady aliingia uwanjani hatimaye, dhidi ya UCLA, na pasi yake ya kwanza kabisa ilinyakuliwa na mpinzani aliyekimbia nayo hadi kufunga. Wakati fulani alifikiri kuhama, arudi California. Alikwenda kuzungumza na Carr, na alikwenda pia mara nyingi kwa Greg Harden, mtu aliyeajiriwa na chuo kuwashauri wanamichezo. Akabaki. Msimu wa 1997 ulipokaribia, wanaopanga timu waliiweka Michigan nafasi ya 14.

Mwaka huo Michigan haikufungwa hata mara moja. Mgawaji wake alikuwa Griese, yule aliyekuja bila bursa. Dhidi ya Ohio State, Woodson alirudisha mpira yadi 78 hadi kufunga, akapokea pasi ndefu iliyoandaa goli jingine, na akanyang'anya mpira karibu na mstari wa Michigan, yote katika mechi moja iliyokwisha 20 kwa 14. Tuzo la Heisman lilikuwa linasubiriwa na Peyton Manning wa Tennessee, lakini lilimwendea Woodson: mara ya kwanza kwa mtu ambaye kazi yake kuu ni ulinzi. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1998 Michigan iliwashinda Washington State 21 kwa 16, ikamaliza na ushindi 12 bila kufungwa. Waandishi waliitaja bingwa wa nchi. Makocha katika kura yao wakamtaja Nebraska. Kwa Michigan lilikuwa taji la kwanza tangu mwaka 1948. Brady alikuwa amekaa benchi.

Woodson na Griese wakaondoka, na Brady akafikiri zamu yake imefika. Lakini mwaka 1998 alisaini Drew Henson, kijana wa Michigan wenyewe, mwenye mwili na mkono ambao wataalamu waliuota. Klabu ya besiboli ya New York Yankees ilikuwa tayari imemchagua. Brady alianza msimu wa 1998, timu ikapoteza mechi mbili za kwanza, na mashabiki wakataka mtoto mpya aingizwe. Mwaka 1999 Carr alifikia kuwagawia mechi: huyu robo ya kwanza, yule ya pili, mapumzikoni kocha aamue. Ilichukua zaidi ya nusu ya msimu ndipo Brady akapata nafasi yote. Katika mechi alizoanza Michigan alishinda 20, akapoteza 5. Ya mwisho ilikuwa dhidi ya Alabama, 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza, yeye akitupa pasi nne za kufunga.

Mwezi wa nne mwaka 2000 timu za NFL zilichagua tena. Brady alikuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayekimbilia basi. Wagawaji sita walichukuliwa mbele yake. New England Patriots walimchukua katika duru ya sita, nafasi ya 199. Munamo mwezi wa tisa 2001 mgawaji wao, Drew Bledsoe, aliumizwa vibaya, Brady akaingia, na mwezi wa pili 2002 Patriots walikuwa mabingwa. Aliendelea hadi mataji saba, sita huko New England na moja Tampa Bay, na akaacha kucheza mwaka 2023. Woodson alicheza NFL misimu 18 na akaingizwa katika jumba la heshima mwaka 2021. Henson aliwacha masomo ya Michigan akaenda besiboli, akachezea Yankees mechi nane tu, kisha akarudi kujaribu NFL, bila kushika nafasi popote.

Kwa hiyo leo mtu akilitaja darasa la 1995 la Michigan, anasema: Woodson na Brady, ni darasa kubwa kupita yote. Hesabu hiyo ya nyuma nayo inadanganya, pengine zaidi kuliko ile ya siku ya kusaini. Inawasifu watu waliowachagua kama kwamba walijua. Hawakujua. Waliomwalika Brady walikuwa wamekwisha ondoka, na waliobaki naye walimweka wa saba, kisha wakamgawia mechi na mtoto wa miaka 19. Mataji saba si ya Michigan hata kidogo. Wakati wake chuoni hakuna taji la nchi alilolishinda akiwa yeye mgawaji. Tena darasa halina watu wawili. Lina watu ishirini na zaidi, na waliobaki, walioumia, walioacha, waliomaliza masomo wakawa walimu ao wafanyakazi, hawamo katika sentensi hiyo. Wazazi wao nao walipiga picha siku ya kusaini.

Wataalamu hawawezi kuitwa wajinga, maana kuhusu kipaji mara nyingi wanasema kweli. Woodson walimwona. Mfano wa karibuni ni Texas A&M. Mwaka 2022 chuo hicho kilisaini darasa lililopewa alama za juu kuliko lolote tangu kampuni ya 247Sports ianze kuhesabu. Msimu huo huo timu ilishinda mechi tano, ikapoteza saba. Mwezi wa kumi na moja 2023 kocha Jimbo Fisher alifukuzwa, na chuo kikabaki na deni la kumlipa dola karibu milioni 76. Wengi wa darasa hilo walihama, kwa sababu tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Lakini angalia kilichotokea mwaka 2025: Walter Nolen, aliyekuwa amehamia Mississippi, alichaguliwa na NFL nafasi ya 16, na Shemar Stewart, aliyebaki Texas, nafasi ya 17. Vijana walikuwa na kipaji kama ilivyosemwa. Timu haikuwepo.

Kwa darasa la Texas hakuna tena namna ya kulipima kama lile la Michigan, kwa maana lilitawanyika kabla ya kukomaa. Brady wa leo, akiwa wa saba katika foleni, angekuwa amepigiwa simu na vyuo vitatu kabla ya Krismasi, na huenda angeondoka. Kama ingekuwa heri kwake ao la, hapo kila mtu anaweza kubishana.

Biakabutuka hakuwa katika darasa lolote ambalo watu wanalitaja. Hata hivyo, wakimbiaji wa Michigan wamefuatana miaka yote hiyo, wengi wao wakiwa wamesifiwa sana siku ya kusaini, na hadi mwisho wa msimu wa 2024 hakuna hata mmoja aliyefikia zile yadi 1,818 katika mwaka mmoja. Katika kitabu cha chuo, mstari huo umeandikwa kwa jina la mtu aliyezaliwa Kinshasa.